Taya la kijana linachongwa na umri na wembe, si ulimi

Mhariri,

Makala yenu ya vijana kuhusu zoezi la kubandika ulimi kwenye kaakaa ili uso uchongoke iliishia na "wengine wanasema linasaidia". Mimi ni kinyozi hapa Mabibo, nashika nyuso za watu tangu asubuhi mpaka usiku. Naomba nafasi.

Vijana wanaliita mewing, kwa jina la John Mew, daktari wa meno wa Uingereza aliyekuwa akifundisha kwamba mkao wa ulimi huongoza ukuaji wa taya la mtoto. Narudia: la mtoto. Mwanawe, Mike Mew, akayapeleka mafundisho hayo YouTube, na huko yakageuka dawa ya kila mwenye uso. Baba alipokwa leseni mwaka 2017. Mwana naye alifutiwa usajili mwaka 2024 na baraza linalosimamia madaktari wa meno Uingereza, kwa sababu ya watoto wawili aliowatibu. Mwaka huohuo chama cha wataalamu wa kunyoosha meno cha Marekani kikatoa tamko kwamba ushahidi wa zoezi hili ni haba mno. Hayo yote makala yenu iliyaruka.

Sasa njooni saluni. Anakaa kijana wa kidato cha tano, namuuliza, "Mdogo wangu, nishushe ubavuni au nipunguze tu?" Kimya. Anaweka kidole mdomoni, kisha anakipitisha kwenye mstari wa taya, yaani yuko zoezini, asisumbuliwe. Wenzake kwenye benchi hawana mbavu. Walimu wanaokuja kunyoa wanasema darasani ni hivyohivyo, ukiuliza swali unajibiwa kwa kidole. Kwangu shida ni kwamba kauma meno, msuli wa shavu unarukaruka chini ya mashine, na mstari wa ndevu unapinda. Wapo pia wanaotafuna vidude vya mpira walivyoagiza mtandaoni ili taya litokeze, halafu wanalalamika kuumwa mbele ya sikio.

Zile picha za kabla na baada ya zoezi, wanazoonyeshana mtandaoni kama ushahidi, zitazameni kwa jicho la kinyozi. Ya kwanza ni ya mtoto wa miaka 15, kidevu cheupe, simu kaishika karibu na pua. Ya pili ana 18 au 19, mwili umekatika, shingo kaisogeza mbele, na kuna fundi kamwachia ndevu nene kwenye kona ya taya na kuzipunguza shavuni. Hiyo kazi naifanya kila siku. Mifupa ya taya la mvulana nayo huendelea kukua yenyewe mpaka karibu miaka 20, awe amebana ulimi au ameuachia. Kitu kimoja nakubali: ukisimama mbele ya kioo ukausukuma ulimi juu, nyama ya chini ya kidevu inapanda palepale. Ukiuachia, inashuka. Kwa picha ya pasipoti inatosha.

Kwa watoto wadogo mambo ni mengine, na hapa ndipo ningependa wazazi wasome. Kaakaa la mtoto bado halijaungana sawasawa katikati, ndiyo maana madaktari huweza kulipanua kwa kifaa maalumu. Nina wateja wadogo ambao hawawezi kufunga mdomo hata nikinyoa. Nywele zinawaingia ulimini, wanatema, tunaanza upya. Mama mmoja nilimwambia, "Mama, huyu hapumui puani." Akasema usiku anakoroma kama mtu mzima. Alipompeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, wakakuta nyama zilizovimba nyuma ya pua. Mtoto wa namna hiyo hata ukimwamuru abandike ulimi juu kutwa nzima hawezi, maana hewa atavutia wapi?

Ombi langu, Mhariri: mtafuteni daktari wa meno pale Muhimbili aandike kwa Kiswahili cha kawaida ni umri gani mtoto apelekwe, dalili zipi zisisubiriwe, kunyoosha meno kwa waya kunagharimu kiasi gani, na bima inalipa nini. Ukurasa huo nitaubandika ukutani, pembeni ya bei za kunyoa.

Kinyozi wa Mabibo,
Dar es Salaam