Ukialikwa Ningol Chakkouba

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Kwa kuwa mwenzako wa chuoni amekualika kwao Imphal kwa Ningol Chakkouba, sikukuu ya mabinti walioolewa kurudi kwao kula, nakuandikia kabla hujakata tiketi. Tarehe ndiyo inayowaponza wageni. Sikukuu za Wameitei, watu wa bondeni katika jimbo la Manipur, kaskazini-mashariki mwa India, hufuata mwezi mwandamo, na hii huwa siku ya pili ya mwezi wao wa Hiyangei. Mwaka 2024 iliangukia 3 Novemba. Mwaka 2025 ikarudi hadi 23 Oktoba. Ukikariri ya mwaka jana utakuta vyombo vimeshaoshwa. Pia, tangu Desemba 2024 raia wa kigeni wamerudishiwa sharti la kibali maalumu cha kuingia jimbo hilo. Visa ya masomo peke yake haitoshi, kwa hiyo anza na kibali, tiketi baadaye.

Jina lenyewe linajieleza: ningol ni binti, chak ni wali, kouba ni kuita. Binti aliyeolewa anaitwa kwao kula. Husimuliwa kwamba zamani ilikuwa kinyume, dada ndiye aliyemwalika kaka, mpaka mfalme Chandrakirti wa karne ya 19, mwenye dada wengi, aliposhindwa kuzunguka kwa wote siku moja akaigeuza desturi. Mwaliko hupelekwa kama wiki moja kabla, pamoja na tambuu na popoo. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa tambuu. Binti huja na watoto wake, amevaa phanek, nguo ya kujifunga kiunoni, ya mistari yenye pindo la tarizi na mtandio mwembamba uitwao innaphi. Hutoka kwake na matunda au vitamu, na kwao hupewa zawadi na baraka. Wewe huna haja ya kujivika phanek. Nguo ya heshima yatosha, na doti ya khanga kwa mama mwenye nyumba haitakuaibisha.

Meza ya siku hiyo ni ya samaki. Nyumba nyingi za Wameitei zenye desturi ya Kivaishnava, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu, hazipiki nyama jikoni, basi usijitie kununua kuku. Sareng ndiye samaki wa fahari, na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Wanaotaka nafuu hukimbilia mapema kwenye maonyesho ya samaki katika uwanja wa Hapta Kangjeibung, ama Ima Keithel, soko ambalo wauzaji wote ni wanawake.

Kitu kitakachokushinda mwanzo ni ngari. Usiifananishe na ng'onda: ng'onda hutiwa chumvi, ngari haina chumvi kabisa. Ni visamaki vidogo vilivyokaushwa juani, vikashindiliwa kwenye mtungi, ukazibwa mdomo na kuachwa kwa miezi ili vichachuke. Kushindilia ndiko kazi yenyewe, maana hewa ikibaki ndani vitaoza. Hutumika katika eromba, viazi vya kuponda na pilipili, nawe utaombwa kusaidia kuiponda. Kwa watu wanne chukua viazi vinne vya wastani, ngari vitatu na pilipili kavu sita. Chemsha viazi, na maji yake usiyamwage. Banika ngari juu ya makaa au kikaangoni pakavu mpaka harufu ibadilike. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba eromba inanuka. Ponda pilipili na ngari kwanza, zilainike pamoja, ndipo utie viazi, chumvi na maji ya kuchemshia kidogo kidogo. Ukiyamimina kwa pupa utapata mchuzi, na eromba si mchuzi. Mafuta hayatiwi. Juu hunyunyiziwa majani ya jamii ya kitunguu, mabichi.

Mwishoni huletwa chak-hao, mchele mweusi uliopikwa kwa maziwa ukageuka zambarau. Ukitaka kuujaribu kwako, uloweke usiku kucha, kwa sababu haukobolewi na ganda lake ni gumu. Kikombe kimoja kwa lita moja ya maziwa, moto mdogo, na sukari uitie mchele ukishalainika. Ukiiwahisha, punje zitabaki ngumu hata upike mpaka alasiri.

Umeuliza kama utaweza kuunganisha na sikukuu za makabila ya milimani. Baadhi zina tarehe maalumu, tofauti na za bondeni: Kut ya Wakuki na jamaa zao, ya baada ya mavuno, ni 1 Novemba, Lui-Ngai-Ni ya Wanaga, ya kupanda mbegu, ni 15 Februari. Kwenye kalenda Kut iko jirani na Chakkouba, lakini usizipange safari moja. Tangu mapigano ya Wameitei na Wakuki yaliyoanza Mei 2023 watu hawavuki ovyo kati ya bonde na maeneo ya Wakuki, na dereva wa Kimeitei hatakupeleka Churachandpur, mji wa Wakuki, hata umlipe mara mbili. Ukiwa na nafasi, bora uwahi Imphal mwezi mpevu wa Mera, mwezi unaotangulia Hiyangei, kama siku 17 kabla ya Chakkouba, uione sikukuu ya Mera Houchongba pale Kangla, ngome ya kale ya wafalme, watu wa milimani na wa bondeni wakibadilishana mazao na zawadi.

Ama ukirudi Januari, kuna Gaan-Ngai, sikukuu ya Warongmei, kabila mojawapo la Wanaga. Moto mpya huwashwa kwa kusugua, bila kiberiti, na kila nyumba huchukua wake kutoka hapo. Hiyo nayo inafuata mwezi, basi uliza tarehe.

Wasalaam,
Mwanaidi