Acheni kunenepesha watoto wa mbwa, nyonga zinaharibika

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote wa hapa Lubumbashi. Naomba nafasi kidogo niseme juu ya hawa watoto wa mbwa wanaouzwa kila kona siku hizi. Kila mtu anataka mbwa mkubwa, wale wa Kijerumani tunaita berje, rotwaila, boeboeli za kutoka Afrika Kusini, juu ya wezi, na hiyo naielewa kabisa, usiku wa huku kila mwenye parsele anaujua. Lakini ukienda kununua utasikia muuzaji anasifu kitu kimoja tu: ona alivyo mnene, ona miguu yake, huyu kwa miezi sita utamdhani ni mtu mzima. Mnunuzi anafurahi, anatoa dolari zake, akifika nyumbani anaendelea kumshindilia bukari, yaani ugali, asubuhi na jioni na vidonge vya kalsiamu juu yake ili azidi kukua haraka. Mie nasema unene huo tunaousifu njo unaowalemaza.

Ugonjwa wenyewe maveterineri wanauita displazia ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae ndani ya tundu la nyonga kwa kukaza, kisichezecheze. Kwa mbwa mwenye shida hii kano zinazoshika kiungo zimelegea, tundu linabaki halina kina, kichwa kinatoka na kurudi, kila hatua kinasugua pembeni, gegedu linalofunika ncha za mifupa linalika, alafu mwili nao unaotesha mfupa mpya pale pale kujaribu kukaza kilicholegea, na hapo yabisi ya viungo inaingia mbwa akiwa bado kijana kabisa, ata mwaka hajafikisha. Anazaliwa nyonga zikiwa nzima, kulegea kunakuja katika wiki na miezi ya kukua, sasa fikiria kiungo kilicholegea kinabebeshwa mafuta ya bure katika miezi hiyo hiyo.

Ni kweli asili yake iko kwenye damu, mtoto anarithi kwa baba na mama, na jeni zinazohusika ni nyingi, njo maana wazazi wote wawili wanaweza kutembea vizuri na mtoto akatoka mgonjwa. Lakini damu haifanyi kazi peke yake. Marekani walichukua mbwa 48 aina ya Labrador, wakawapanga wawili wawili wa tumbo moja, mmoja akawa anapewa chakula robo pungufu kuliko mwenzake, na wakawafuata hivyo maisha yao yote. Matokeo yaliyotolewa 2002 yakaonyesha wale waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na shida ya nyonga kwao ilikuwa kidogo na yabisi ilichelewa. Damu moja, mama mmoja, tofauti ni sahani tu! Na kalsiamu ya kuongeza kwa mtoto wa mbwa mkubwa anayekula chakula kizuri ni hatari, inavuruga mifupa inavyokua, lakini watu wanaendelea kuiuza eti ni dawa ya nguvu.

Sisi tuko na Shaba, berje jike, bado kijana. Kipindi cha baridi, mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa hapa unapopita chini ya digrii 10, ungemwona asubuhi anavyoamka: anainua miguu ya mbele, anasimama hivyo nusu ameketi, anangoja, alafu njo anajivuta nyuma pole pole, hatua za kwanza anachechemea mpaka mwili upate joto. Akikimbia, miguu ya nyuma yote miwili inaenda pamoja, anaruka kama sungura. Kwenye karo za saloni miguu inamfungukia pande mbili na anabaki amelala tumbo anatuangalia, watoto wanalia. Majirani wakasema mvivu, wengine wakasema kuna mkono wa mtu, na wa tatu wakamgeukia zamu wetu, mlinzi wa usiku, mzee wa watu, eti lazima alimpiga fimbo usiku. Mzee akaapa mpaka nikamwonea huruma. Daktari wa mifugo alimlaza ubavu, akashika goti, akasukuma paja kuelekea juu kisha akalipanua taratibu, na sote tuliokuwa tumesimama pale tukasikia “tok”, kiungo kinarudi mahali pake. Picha ya radio, yaani eksirei, ikathibitisha. Hakuna aliyempiga.

Sasa nasema haya juu najua kuna wenye mbwa wa namna hii ambao wameambiwa hakuna cha kufanya, muue tu, au wanamwachilia njiani mbali na nyumba. Si kweli. Mbwa wengi wenye displazia wanaishi miaka yao vizuri, ila kazi iko kwetu. Kubwa kuliko zote ni uzito, narudia uzito, pitisha kiganja ubavuni, ukizipata mbavu bila kubonyeza sana uko sawa, ukizitafuta punguza bukari, ata kama anakuangalia kwa macho gani. Watoto nyumbani njo wagumu hapo, wanampa chini ya meza, na wageni nao. Sakafu tumetandika mikeka na vipande vya zulia kuanzia anapolala mpaka mlangoni, na analala juu ya godoro la sponji, mbali na simenti. Matembezi mafupi, mara kadhaa kwa siku, na kamba, kwenye udongo wa njia za kartie, mwendo wa taratibu ili misuli ya mapaja ipate nguvu manake misuli njo inayosaidia kushika kile kiungo, lakini hakuna kumrushia mpira akaruka na kugeuka ghafla, na kwenye pikapu anabebwa. Kuogelea kunasaidia kweli, maji yanabeba uzito wake, ila mie kwenye mito yetu hii inayopokea maji ya viwanda simwingizi.

Dawa ni jambo ambalo linaniogopesha zaidi. Watu wanachukua ibuprofeni, diklofenaki, parasetamoli, vile vidonge vya mtu vya kwenye farmasi ya jirani, wanamkatia mbwa nusu. Jamani, msifanye hivyo. Ibuprofeni na diklofenaki zinamtoboa mbwa tumbo na kuua figo, parasetamoli nayo inaweza kumharibu ini. Ziko dawa za maumivu za mbwa, meloksikamu na kaprofeni kwa mfano, zinatolewa na daktari kwa kipimo cha uzito wake. Operesheni pia ziko, kwa mbwa mchanga ambaye yabisi haijaingia wanaweza kukata na kugeuza mfupa wa nyonga ili tundu lifunike vizuri, kwa mwingine wanaondoa kile kichwa cha mfupa, na nchi zenye uwezo wanaweka nyonga ya bandia kabisa. Kwa wengi wetu bei hiyo iko mbali, kwa hiyo sirefushi.

Na wauzaji nao. Marekani toka 1966 kuna shirika, OFA, linalosoma picha za radio za nyonga, na cheti cha kudumu halikupi mpaka mbwa afikishe miezi 24. Nchi nyingi za Ulaya wanatumia herufi, A mpaka E, A nyonga nzuri, E mbaya kabisa, na aliye na D au E kwa kawaida hazalishwi. Huku jike anapandishwa ana mwaka mmoja, nyonga zake hakuna aliyeziona, dume vile vile, na watoto wanauzwa kwa sifa ya unene. Aliyetuuzia sisi tulipomuuliza juu ya wazazi alisema hajawahi kuona mbwa wake akichechemea, na anaendelea kuzalisha jike yule yule. Hii siikubali. Kitivo cha Udaktari wa Mifugo kiko hapa hapa mjini, UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wataalamu tunao. Anayeuza mbwa kwa mamia ya dolari anaweza kuwapiga picha dume na jike kabla ya kuwakutanisha.

Kwa hiyo Bwana Mhariri nina maombi mawili. Mmoja wa madaktari wa kitivo kile mumpe ukurasa aeleze ugonjwa huu vizuri kuliko mie, pamoja na chakula cha mtoto wa mbwa mkubwa, vipimo na yote, kwa vyakula vinavyopatikana kwenye soko letu. Na kwenye matangazo ya mbwa mnayopokea, mwombeni muuzaji aandike kama wazazi walipigwa picha ya nyonga au hapana. Akiandika hapana, msomaji ajue kabla hajatoa pesa.

Asanteni.

Msomaji wenu wa Kampemba, Lubumbashi