Ule mpira hukusinzia

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Umeme umekatika tangu magharibi, nikaona bora nikuandikie kuliko kukutumia zile sauti za dakika kumi ambazo najua huzisikilizi mpaka mwisho.

Haya, umeshinda. Miaka miwili unanipigia kelele niangalie Haikyu!!, ile katuni ya Kijapani ya mpira wa wavu wa mashuleni, nami nakujibu kwamba mtu mzima mwenye watoto wawili hakai kitako kuangalia katuni. Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja likizo, akaniwekea kwenye simu, akaenda zake kucheza. Nikasema niangalie kidogo huku nangoja maharage yaive. Maharage yaliungua. Sasa nimemaliza misimu yote minne na nina neno na wewe.

Najua wako ni Hinata. Nani asiyempenda? Katoto ka sentimita 162 na kitu, kanaruka kama kamekanyaga kaa la moto. Na ile shule yao ya Karasuno, eti kunguru waliosahau kuruka! Nilicheka peke yangu, maana kunguru wa huku unawajua, samaki hakauki juani. Lakini aliyenikamata mimi ni Kageyama, mpangaji wao wa mipira. Unakumbuka ile fainali alipokuwa shule ya chini? Anapanga mpira, mzuri, umekaa pale pale anapoutaka yeye, anageuka: hakuna aliyeruka. Mpira unadunda sakafuni, wenzake wamesimama wanamtazama tu. Kocha anamtoa. Lile jina la Mfalme wa Uwanja, watu wa nje wakilisikia hudhani ni sifa, kumbe wenzake ndio waliompa, na lilikuwa tusi.

Nilisimamisha simu pale, Mwanaidi. Nikauona uwanja wetu wa shule, udongo mwekundu mpaka kwenye soksi, wavu tumeutia viraka vya nyavu za wavuvi. Mimi ndiye mpangaji wa mipira, wewe mpigaji, na mdomo wangu haufungwi. "Ruka mapema! Mbona mzito hivyo?" Halafu ile mechi ya kutafuta nafasi ya kwenda UMISSETA mkoani, yale mashindano ya shule za sekondari, mpira wa mwisho. Nilikupandishia wa haraka, juu kabisa ya wavu, na wewe hukuruka. Ulisimama, mikono kiunoni. Miaka 19 tunaifanya hadithi ya kuchekesha kwenye harusi za watu, eti Mwanaidi alisinzia uwanjani. Hukusinzia. Nilikuwa najua siku ile ile, nikanyamaza.

Kilichonipendeza ni kwamba hawakumtengeneza Kageyama kwa machozi ya siku moja. Msimu wa kwanza watu wote wanashangilia ule mpira wao wa haraka, Hinata anafumba macho anapiga, Kageyama anauleta mpira mpaka kiganjani. Mimi sikushangilia sana. Pale anafanya kazi mtu mmoja, mwingine ni mkono tu. Mambo yanaanza baada ya kufungwa na shule ya Aoba Johsai, Hinata aliposema anataka kupiga macho wazi. Kageyama anakataa, wanashikana mashati mpaka mwenzao Tanaka anaitwa kuwaamua. Ndipo yule mfalme anakwenda kujifundisha upya, anapanga chupa za maji azilenge, anatafuta mpira utakaofika juu na kusitasita hapo kidogo, ili mpigaji achague mwenyewe. Na mchezo wenyewe ndivyo ulivyo, huruhusiwi kuudaka mpira wala kuugusa mara mbili mfululizo. Utake usitake, utamwachia mwenzio.

Sugawara, yule mpangaji wao wa zamani, sitamsema sana, nitalia. Mwaka wake wa mwisho shuleni, nafasi yake inachukuliwa na Kageyama, mtoto wa mwaka wa kwanza, na yeye ndiye anayemwambia kocha amchague huyo mtoto, timu ipate kuendelea.

Ila Yamaguchi! Mbona hukuwahi kunitajia Yamaguchi? Kijana wa benchi, anajifunza kwa Shimada, yule mwenye duka, kuanzisha ule mpira usiozunguka, unaoyumba hewani kama karatasi. Mara ya kwanza anaingizwa, mpira unaishia wavuni. Hilo lingemtokea yeyote. Mechi na shule ya Wakutani Minami ndiyo iliyoniumiza: anaingia, anaogopa, haruki, anapiga ule mpira wa kujihami, miguu chini. Hakukosea, mpira umevuka vizuri tu. Lakini ile sura yake anaporudi benchi! Amejisaliti na anajua wote wameona. Halafu anakwenda mwenyewe kwa kocha Ukai kuomba aingizwe tena siku nyingine. Wanapokutana na Aoba Johsai mara ya pili, anaruka. Niliamka nikasimama jikoni na mwiko mkononi.

Kasoro ipo, usinikatalie. Msimu wa tatu mzima, sehemu kumi, ni mechi moja na shule ya Shiratorizawa! Mpira uko hewani, watu watatu wanakumbuka utoto wao, nami nimeshaosha vyombo. Nausamehe kwa sababu ya Tsukishima, yule mrefu aliyekuwa akisema hiki ni kikundi cha shule tu, cha nini kujiumiza. Anavyomvizia Ushijima, mpigaji wao hatari wa Shiratorizawa, seti nzima mpaka anamzuia pale wavuni na kukunja ngumi, nilipiga kelele jirani akauliza kuna nini. Jambo jingine, wasichana. Kiyoko na Yachi, wasaidizi wa timu, kazi yao kubeba chupa, na timu ya wasichana ya nahodha Michimiya tunaonjeshwa kama chumvi. Sisi tuliocheza tunaona.

Filamu ya 2024, ya mechi ya Karasuno na shule ya Nekoma, sijaiona. Usinisimulie.

Siku hizi jioni nakwenda kuwasaidia wasichana wa shule hapa jirani. Jumatano nilimshika mmoja, mwembamba, mpigaji mzuri ila kila mpira anauchelewa. Nusura nimwambie yale yale. Nikamuuliza, "Mpira unautaka wapi?" Akanitazama kama nimemwomba hela. Akaangalia chini, akasema, "Chini kidogo, mwalimu. Na mbali na wavu, naogopa kuugusa." Nikampa hapo. Akaupiga nje, lakini aliruka.

Nisamehe kwa ule mpira, na kwa miaka yote ya kukucheka mbele za watu. Ukija Idd, njoo na raba. Nataka uniambie uliutaka wapi.

Wasalimie watoto na shemeji.

Shoga yako,
Rehema