Shangazi, mafuta yale hayakuwa yamechacha

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na mjukuu kwenye simu, na utauliza kwa nini nimeiandika mbele za watu badala ya kukupigia. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili tukaishia kwenye habari za harusi. Tena hapo Tanga si wewe peke yako uliyeletewa mafuta ya zeituni na mtoto aliyeko Ulaya.

Uliniambia mafuta yangu yamechacha. Ulilamba kijiko kimoja, yakakukereketa koo, ukakohoa mpaka machozi, ukayatenga yawe ya kupaka miguu. Kisha ukanunua mengine dukani, ya njano, laini, hayana harufu wala ladha, ukayasifu. Shangazi, ulichokikimbia ndicho nilichokuletea.

Nimevuna zeituni hapa Jaén, kusini mwa Hispania, misimu mitatu. Tunatandika nyavu chini ya miti, tunatikisa matawi, na zinazoanguka zinapelekwa kinuni siku hiyohiyo. Zinasagwa pamoja na kokwa zake, rojo linakorogwa polepole, halafu mashine inalizungusha kwa kasi mpaka mafuta yajitenge. Kwenye ukamuaji wa baridi joto halipiti nyuzi 27. Zeituni za Oktoba, zikiwa bado kijani, hutoa mafuta machache, lakini ndiyo machungu na makali kuliko yote, na wenyeji huyalipia zaidi. Zeituni za huku nyingi ni za aina ya Picual, na Picual ni kali kweli.

Uchungu ule unatokana na polifenoli, na hizo ndizo antioksidanti unazozisikia redioni. Wewe ukikata parachichi ukaliacha mezani, hewa inaligeuza jeusi. Ukilikamulia ndimu, linachelewa. Mwilini nako kuna kazi ya namna hiyo. Lehemu mbaya, ile daktari aliyokuandikia kwenye karatasi, ikiungua kwa oksijeni huanza kujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu. Polifenoli husaidia kuikinga isiungue. Tangu mwaka 2012 sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu jambo hilo litajwe kwenye chupa, lakini kwa sharti: kila gramu 20 za mafuta ziwe na angalau miligramu 5 za hidroksitirosoli, mojawapo ya polifenoli hizo, na jamii zake. Gramu 20 ni kama kijiko kikubwa kimoja na nusu kwa siku. Hayo laini uliyoyanunua ni ya kusafishwa kiwandani, na usafishaji huo ndio unaoondoa uchungu, harufu, na polifenoli karibu zote.

Na kule kukohoa kuna kisa chake. Mtafiti wa Marekani, Gary Beauchamp, alionja mafuta mapya huko Sicily, akahisi kooni mwasho uleule aliouzoea alipokuwa akichunguza ibuprofeni ya maji, ile dawa ya maumivu. Mwaka 2005 yeye na wenzake wakatangaza kiini chake, wakakiita oleokanthali, na wakaonyesha kwamba kinazuia uvimbe kwa njia inayofanana na ya ibuprofeni. Lakini hata ukitumia gramu 50 kwa siku, unapata kama sehemu moja ya kumi tu ya dozi ya mtu mzima. Magoti yako hayatapona kwa kijiko.

Hapo ndipo penye jambo lililoninyima usingizi. Binamu ameniambia kwamba tangu upate ule ujumbe wa kijiko cha asubuhi kinachosafisha mishipa, umeacha vidonge vya presha. Shangazi, nakuomba kwa heshima yote ya marehemu baba, virudie leo, na kesho nenda ukapimwe. Utafiti mkubwa ninaoujua kuhusu mafuta haya ulifanyika hapahapa Hispania, kwa watu 7,447. Ulitolewa mwaka 2013, ukaonekana una kasoro katika namna watu walivyogawanywa, ukaondolewa, ukachambuliwa upya na kutolewa tena mwaka 2018. Waliokula kwa mtindo wa Mediterania na kuongezewa mafuta haya walipata kiharusi na maradhi ya moyo kwa takriban asilimia 30 pungufu. Ila kile kilikuwa chakula kizima: mboga, kunde, samaki, matunda, kwa miaka karibu mitano. Hakikuwa kijiko cha kuchukua nafasi ya kidonge.

Na chakula hicho si kigeni kwako. Maharage, mchicha, changu wa kuchoma, kachumbari, vyote unavyo. Mafuta yamiminie juu chakula kikishaiva, maana moto mrefu unapunguza polifenoli, na kwa bei yake ni dhambi kukaangia vitumbua. Yachukue nafasi ya mafuta mengine, yasiongezwe juu yake. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Yafunike vizuri, uyaweke kabatini mbali na jiko na dirisha, kwa sababu mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoyachachisha kweli. Rangi isikudanganye. Waonjaji wa huku hutumia vikombe vya bluu makusudi wasiione.

Nimempa mtu anayesafiri mwezi huu debe dogo la lita moja, limeandikwa "virgen extra", yaani mafuta ya daraja la juu yasiyosafishwa kiwandani, la zeituni za Oktoba. Hili usilipake miguuni. Nitakupigia Ijumaa baada ya Isha. Unisomee kwanza namba za presha walizokuandikia kliniki, zote mbili, ya juu na ya chini. Habari za harusi tutazifikia baadaye.

Mwanao wa Jaén