Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vuli 2025 na Nafasi Yetu Katika Parokia

Wapendwa wanachama wa umoja wa waumini wanaosali kwa Kiswahili katika parokia yetu hapa Ohio, Bwana Yesu asifiwe.

Ni desturi yetu kwamba mwenyekiti hutoa taarifa yake mwishoni mwa kiangazi, kabla shughuli za vuli hazijaanza, ili kila familia ijipange mapema na zamu za kazini na masomo ya watoto. Mwaka huu nawaandikia nikiwa na jambo moja ambalo kamati imelizungumza kikao baada ya kikao: tumekaa vya kutosha katika parokia hii kama wageni, na vuli inayokuja tuianze kama wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Parokia imetukaribisha mezani, imetupa ukumbi wa chini na saa ya ibada kila Jumapili mchana, lakini jembe hatujalishika, na kwa haki yao wenzetu, hatujawahi kuliomba.

Siwezi kuzungumzia mipango kabla ya kutaja uzito wa miezi tuliyoipita. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, mji wa Goma ulitekwa mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na sijui nyumba yoyote miongoni mwetu yenye asili ya Kivu ambayo haikukesha ikisubiri simu ya ndugu. Januari hiyohiyo, tarehe 20, serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na jamaa zetu walioko kambini Nyarugusu, Tanzania, wengine wakiwa wameshapita usaili na vipimo vya afya, wakarudi kungoja bila kuambiwa hadi lini. Mwezi Mei, Askofu Kiongozi wa Kanisa la Episkopali, yaani Kanisa la Kianglikana la hapa Marekani, Sean Rowe, alitangaza kwamba Kanisa letu litahitimisha mikataba yake na serikali ya kuwapokea wakimbizi, huduma iliyokuwa imedumu karibu miaka 40, baada ya kutakiwa kuwahudumia Wazungu wa Afrika Kusini waliopewa nafasi ya mbele wakati wengine waliotangulia kukubaliwa wamefungiwa mlango.

Wanachama kadhaa waliniuliza kama Kanisa limetuacha. Nilijibu, na hapa narudia kwa maandishi, kwamba kilichokwisha ni mkataba wa fedha za serikali. Wajibu wa Kanisa kwa aliyehama nyumbani kwake haukutoka serikalini na hauwezi kufutwa na serikali. Nasema hivyo kwa kuwa nimeuona wajibu huo ukitekelezwa. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mama yake huko Uvira, asiweze kwenda kuzika, waumini wa ibada ya asubuhi, ile ya Kiingereza, walikuja nyumbani kwake na mikate na supu ya maboga. Wengi wao hawakujua la kusema. Walivua viatu, wakakaa mkekani pamoja nasi, wakasikiliza nyimbo wasizozielewa hadi usiku, na wawili wakarudi kesho yake kuosha vyombo. Hayo ni matanga, ndugu zangu, hata kama wenyewe hawayaiti hivyo. Watu waliokaa nasi namna hiyo wanastahili kutoka kwetu kitu zaidi ya asante.

Shughuli za vuli zitafunguliwa Jumapili tarehe 14 Septemba, Sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, siku ambayo pia shule ya Jumapili itaanza upya na kwaya zetu mbili zitafanya mazoezi ya kwanza ya pamoja. Wanaotaka kufundisha watoto wakumbuke kwamba hakuna anayeruhusiwa kukaa darasani kabla ya kumaliza mafunzo ya ulinzi wa watoto, na sharti hilo linamhusu mwalimu wa miaka mingi sawasawa na anayeanza. Jumapili tarehe 5 Oktoba, siku moja baada ya kumbukumbu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, wanyama watabarikiwa uwanjani. Wazee wetu hushangaa kuona mbwa na paka wakiletwa kanisani, lakini aliyekulia penye ng'ombe hatapata shida kuelewa kwa nini mtu amwombee mnyama wake. Leteni watoto.

Shughuli kubwa ambayo kwa mara ya kwanza tutaibeba sisi ni Sikukuu ya Mavuno, Jumapili tarehe 12 Oktoba. Baraza la Parokia limetukabidhi ibada ya saa nne asubuhi, chakula cha mchana na mnada. Tarehe imechaguliwa kwa kuangalia bustani yetu iliyo nyuma ya maegesho ya magari, kwa sababu jalidi ya kwanza hapa Ohio huweza kuingia Oktoba wakati wowote, na lenga-lenga, yaani mchicha, haiponi ikipigwa na baridi hata usiku mmoja. Mahindi tumekwisha kuyala, kama mjuavyo, lakini maharage, maboga na mboga za majani vitafika madhabahuni siku hiyo vikiwa vibichi.

Kuhusu mnada, nimeombwa nieleze utaratibu, kwa kuwa wenzetu wa asubuhi wamezoea mnada wa kimyakimya ambapo mtu huandika bei yake kwenye karatasi na kuondoka. Kwetu mnada wa mavuno hufanyika nje ya kanisa baada ya ibada, kwa sauti, mnadi akiwa amesimama juu ya benchi. Trei ya mayai hunadiwa, mnunuzi hulipa, kisha huirudisha mezani inadiwe tena, na trei moja inaweza kuuzwa mara nne kabla haijapata jiko la kuingia. Mara nyingine watu watatu huchangiana kumnunulia bibi kizee mkungu wa ndizi alioutamani. Aliyekulia Kasulu au Dodoma haambiwi haya, lakini atakayesimama kando siku hiyo bila kuelewa ataona fujo tu, kwa hiyo kila mwanachama ajipe kazi ya kusimama karibu na mgeni mmoja na kumfafanulia. Mapato yatagawanywa nusu kwa nusu, sehemu moja iende kwenye ghala la chakula la parokia linalohudumia mtaa wetu, na nyingine iende kwa waliohama makwao Kivu kupitia Kanisa la Anglikana la Kongo.

Chakula kitapikwa na akina mama pamoja na vijana, na ninasisitiza neno vijana, wa kiume wakiwemo. Jiko la umeme la parokia haliwezi sufuria ya ugali wa watu wengi. Linachelewa kuchemsha, na mpishi akianza kusonga kwa nguvu, sufuria inateleza juu ya kioo cha jiko. Tutatumia majiko ya gesi nje, upande wa mlango wa jikoni, kwa idhini ya parokia, na sombe, yaani kisamvu, ipikwe Jumamosi ili Jumapili ipashwe tu.

Jumatano tarehe 29 Oktoba jioni tutakuwa na ibada na mafundisho ya kumkumbuka Askofu James Hannington na wenzake, ambao wamo katika kalenda ya Kanisa la Episkopali kwa tarehe hiyo. Mwaka huu inatimia miaka 140 tangu walipouawa Busoga mwaka 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wakielekea huko kutoka pwani ya Mombasa. Kamati imependekeza, nami naunga mkono kwa moyo wote, kwamba mafundisho ya jioni hiyo yasiishie kwa askofu. Waliokufa pamoja naye walikuwa wapagazi, watu waliobeba mizigo na kuzungumza Kiswahili njia nzima, na wengi wao majina yao hayasomwi kanisa lolote. Baada yao tutamzungumzia Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka kwenda Mboga, huko Kongo, mwaka 1896 na ambaye kazi yake ndiyo chimbuko la Uanglikana wa Kongo. Waumini wenzetu Wamarekani wanaulizana kwa upole tulijifunzia wapi sala ambazo wao wanazijua kwa Kiingereza. Jioni hiyo watapata jibu kamili.

Jumapili tarehe 2 Novemba tutaadhimisha Watakatifu Wote, na alasiri yake tutawakumbuka Marehemu Waaminifu. Tafadhalini mkumbuke kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja. Kitabu cha Sala cha mwaka 1979 kinaitaja sikukuu hii, au Jumapili inayoifuata, kuwa miongoni mwa siku zinazofaa zaidi kwa ubatizo, na familia zenye watoto wachanga zimeshazungumza na kasisi. Alasiri majina ya marehemu yatasomwa. Mwaka huu majina yatasomwa na wasomaji wawili kwa kupokezana, mmoja wetu na mmoja wa ibada ya asubuhi, na wamekubali kukutana mapema kufanya mazoezi ya matamshi, jina kwa jina. Waandikeni wote waliokufa mkiwa mbali, waliozikwa bila ninyi kuwepo, na hata ambao hamkuambiwa kaburi liko wapi. Hakuna kikomo cha majina.

Sasa nifike penye jembe lenyewe. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Jumapili tarehe 16 Novemba, parokia itakusanya kadi za ahadi kwa mwaka 2026. Kadi hiyo si deni wala hati ya mahakamani. Ni makadirio ya kile ambacho familia inatarajia kutoa, na maisha yakibadilika mtu huenda ofisini kuibadilisha bila kuulizwa sana. Baraza hutumia ahadi hizo kupanga bajeti, mishahara, gesi ya kupashia jengo joto na misaada. Sisi tunatoa, na tunatoa vizuri, lakini tunatumbukiza noti kapuni bila bahasha wala jina, kwa hiyo sadaka yetu inahesabiwa na sisi hatuhesabiki. Parokia inapopanga mwaka wake, haijui kama tupo.

Jambo hilo linakwenda pamoja na daftari la waumini. Kwa kanuni za Kanisa la Episkopali, mshiriki ni yule aliyepokea Ushirika Mtakatifu angalau mara tatu katika mwaka uliotangulia, na kuanzia umri wa miaka 16 anahesabiwa mtu mzima. Aliyewekewa mikono kwa kipaimara na askofu wa Kianglikana huko Kigoma, Bukavu, Bujumbura au Nairobi hahitaji kupewa kipaimara tena, kwa maana Makanisa hayo yako katika ushirika mmoja na hili. Kinachohitajika ni jina lake kuandikwa. Najua wengi walipoteza vyeti njiani, wengine zaidi ya mara moja. Kasisi amenihakikishia kwamba atamsikiliza kila mmoja pamoja na mashahidi wake, na kwamba mtu asikae nje ya daftari kwa sababu cheti chake kiliungua vitani. Mkutano mkuu wa parokia utafanyika Januari, na humo ndimo wajumbe wa Baraza huchaguliwa. Ningependa tuwe na wagombea wawili, na mmoja wao awe mwanamke.

Watoto wetu wameshatutangulia. Wanabeba msalaba na mishumaa kwenye ibada ya saa nne, wanajua kila kabati la jengo lile, na hawaelewi kwa nini wazazi wao hushuka ngazi za ukumbi wa chini kana kwamba wameazimwa. Nawasihi wazazi tusiwaache wawe wenyeji peke yao.

Mwezi Novemba pia tutarudisha visanduku vya buluu vya Sadaka ya Pamoja ya Shukrani, desturi iliyoanzishwa na wanawake wa Kanisa hili mwaka 1889, ambayo matunda yake ya kwanza yalisaidia kujenga kanisa huko Anvik, Alaska. Umoja wa Mama utavikusanya.

Alhamisi tarehe 27 Novemba ni Siku ya Shukrani. Kitabu cha Sala cha Kanisa hili kilikuwa na ibada ya shukrani ya mwezi Novemba tangu mwaka 1789, miaka mingi kabla Rais Lincoln hajaitangaza siku hiyo kwa taifa zima mwaka 1863, kwa hiyo anayedhani ni sikukuu ya bata mzinga tu atakaribishwa saa tatu asubuhi asikie Neno. Wenzetu wanaofanya kazi maghalani usiku watatoka zamu saa moja, na magari mawili yatawafuata huko. Wazee wasio na leseni za udereva na wanafunzi wasio na familia hapa wataandikiwa nyumba ya kula, na safari hii naomba nyumba hizo ziwe zetu pia, na waalikwa wawe wajane na wapweke wa ibada ya asubuhi, ambao ni wengi kuliko tunavyodhani. Jumapili inayofuata, tarehe 30, tutaingia Majilio na mwaka wa Injili ya Mathayo, na masomo ya Biblia ya nyumbani yataanza upya kwa zamu za mitaa.

Hesabu za mwaka zitasomwa na mtunza hazina katika mkutano wa Jumapili tarehe 21 Septemba, mara baada ya ibada, na fomu za daftari la waumini zitapatikana mezani siku hiyohiyo. Majina ya marehemu yamfikie katibu kabla ya tarehe 19 Oktoba, yakiwa yameandikwa kwa herufi kubwa. Wanaojitolea kwa mnada na jikoni wajiandikishe kwa viongozi wa mitaa yao mapema, kwa sababu orodha ya wapishi lazima ifike ofisini wiki mbili kabla.

Wenu katika utumishi wa Kristo,

Mwenyekiti