Wito wa harambee: tuwafikishe wanafunzi wa mipango miji Bonde la Msimbazi kabla ya masika

Kaka na dada zetu mliohitimu, wazazi na wapenzi wa fani ya mipango miji,

Kwa heshima, na kwa haya kidogo maana si mara ya kwanza kuwabishia hodi, tunaomba mchango wa shilingi 6,400,000 ili wanafunzi wa mwaka wa pili wafanye mafunzo kwa vitendo katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kabla mvua za masika hazijaanza.

Mwaka jana basi tulilokodi liliharibika Magomeni, wanafunzi wakatembea kwa miguu hadi Kigogo, darasa zima likiwa na futikamba moja, ambayo nayo ilikatika siku hiyohiyo. Mama mmoja, ambaye ukuta wa nyumba yake una mstari wa tope usawa wa kifua, akatuazima utepe wake wa kushonea, na huo ndio uliopimia mfereji, sentimita 150 kwa sentimita 150. Tulikwenda kwake kama wataalamu, tukarudi na deni.

Mipango kabambe ya jiji ya mwaka 1949, 1968 na 1979 tunaisoma darasani. Hata hivyo, mafuriko ya Desemba 2011 yalipovunja makazi na familia kuhamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wapo waliorejea bondeni kwa sababu riziki yao ilibaki mjini, na sababu hiyo huielewi mpaka umeketi barazani kwa mwenyeji. Ndivyo walivyojifunza wanafunzi walioingia mitaani kuanzia 2015 katika Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya jiji inayokumbwa na mafuriko, wakiongozwa na wakazi wanaojua maji hupita wapi.

Mabuti mliyotununulia miaka miwili iliyopita bado yanavaliwa, kwa zamu. Wengi wenu mnaoketi leo katika idara za mipango miji za halmashauri mlikanyaga tope hilihili kwa nauli iliyochangwa na waliowatangulia, na baadhi yenu, mtuwie radhi, hatujawasikia tangu mahafali.

Fedha zitalipia usafiri, chakula cha mchana, futikamba ndefu na vifaa viwili vya GPS. Kila mchango utakatiwa stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mbele ya wachangiaji.

Mungu akijalia, tutaondoka wiki ya kwanza ya Machi, hivyo mweka hazina wa kamati atapokea michango hadi tarehe 20 Februari. Asiye na fedha, lakini ana futikamba ya mita 50 iliyolala kabatini ofisini, atuletee hiyo.