Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitengo cha Viza za Wahamiaji: bahasha yetu imerudi haijafunguliwa

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA MUME WANGU LA KUTAMBULIWA KUWA MKAAZI WA MAREKANI ANAYEREJEA

Pokea salamu zangu za heshima. Hii ni barua yangu ya saba kwa ofisi yako na ni ya kwanza ninayoiandika hadharani. Zile sita za mwanzo nilizipeleka kwa njia mlizozielekeza wenyewe, na kila mara nikajibiwa na ujumbe uleule wa mashine unaonishukuru kwa uvumilivu wangu. Napenda kukuarifu kwamba uvumilivu huo uliokuwa ukishukuriwa uliisha Jumanne ya wiki iliyopita, mume wangu aliporudishiwa bahasha ya kurasa 64 aliyoileta kwenu miezi minne iliyopita, ikiwa na gundi yake, utepe wake na saini aliyoipitisha kwa mkono wake juu ya kifuniko, vyote kama alivyoviacha. Juu yake ilibandikwa karatasi moja yenye alama ya vema kwenye kisanduku kinachosema kwamba sababu za kukaa kwake nje hazikuwa nje ya uwezo wake, na kwa hiyo ombi limekataliwa.

Tangu siku hiyo ninajiuliza afisa aliyeweka alama ile alijuaje kilichomo ndani ya bahasha ambayo hakuifungua. Wapo watu wenye karama ya namna hiyo, ila sikujua kwamba siku hizi mnawaajiri.

Naomba basi nieleze upya yaliyomo, kwa kuwa inaonekana hakuna aliyepata nafasi ya kuyasoma. Mume wangu alipata ukaazi wa kudumu wa Marekani mwezi Septemba 2019 kupitia ndoa yetu, mimi nikiwa raia. Machi 2022 baba yake mzazi alipigwa na kiharusi kilichomwacha hawezi kumeza wala kujigeuza kitandani, na mume wangu, ambaye ndiye mtoto pekee aliyebaki, aliondoka siku tatu baadaye akiwa na tiketi ya kwenda na kurudi, ya kurudi ikiwa ya Julai mwaka huohuo. Ilipofika Julai mzee hakuwa amepona wala hakuwa amefariki. Tiketi ikasogezwa mbele, kisha ikasogezwa tena. Mzee alifariki Oktoba, mume wangu akamaliza mambo ya msiba na ya mirathi, akakata tiketi ya tarehe 24 Januari 2023, akiwa bado ndani ya ule mwaka mmoja ambao kadi yake ya kijani ilitosha kumpandisha ndege bila kuulizwa viza. Siku kumi na tano kabla ya safari, gari alilopanda lilipinduka.

Paja lilivunjika mahali pawili, baadaye mfupa ukaingia usaha, akapasuliwa mara tatu, na upasuaji wa mwisho ulifanyika Aprili 2024. Daktari hakumruhusu kukaa saa nyingi kwenye ndege hadi Januari 2025. Mwezi uliofuata aliwasilisha kwenu fomu DS-117, ya kuomba kutambuliwa kuwa mkaazi anayerejea, pamoja na ada ya dola 180 ambayo, kama mlivyotukumbusha kwa herufi nzito, hairudishwi hata ombi likikataliwa. Mei aliitwa kwenye mahojiano yaliyochukua dakika zisizozidi kumi, na mwishoni mwake afisa alimwambia maneno ambayo mume wangu aliyaandika kwenye kiganja akiwa bado yuko nje ya lango: alete karatasi zote za hospitali ndani ya bahasha iliyofungwa, nazo zitasomwa zote kabla ya uamuzi. Zitasomwa zote. Nakukumbusha ahadi hiyo, Mheshimiwa, kwa sababu ilitolewa kwa jina la ofisi yako, si kwa jina la afisa yule.

Sheria mnayoisimamia si siri. Mkaazi wa kudumu aliyekaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurejea hawezi kuingia kwa kutegemea kadi peke yake, lakini hilo halina maana kwamba ukaazi wake umekwisha, maana kama ungekuwa umekwisha kusingekuwa na haja ya kuwapo viza ya SB-1, ambayo imewekwa kwa ajili ya watu wa namna yake. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba alikuwa mkaazi halali alipoondoka, kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi na nia hiyo hakuiacha, na kwamba anarejea kutoka safari ya muda ambayo, ikiwa ilirefuka, ilirefushwa na jambo lililo nje ya uwezo wake na ambalo si yeye aliyelisababisha.

Hapa naomba nikiri neno ambalo wakili yeyote angenikataza kulikiri. Ile miezi saba ya mwanzo ilikuwa hiari. Hakuna aliyemlazimisha mume wangu kumuuguza baba yake, angeweza kumwachia jirani na kurudi kazini. Kama afisa wako angeuliza juu ya miezi hiyo, ningemjibu hivyohivyo. Lakini miezi saba haikumpotezea mtu kadi. Kilichompotezea ni muda uliofuata, na muda huo wote upo ndani ya bahasha, picha za eksirei zikiwa na tarehe, ripoti za upasuaji, barua tatu za daktari na tiketi ya Januari 2023 ambayo haikutumika. Swali la sheria ni kwa nini safari ilirefuka, na jibu lake limepita miezi minne kwenye rafu yenu.

Aliulizwa pia kwa nini hakuomba kibali cha kurejea kabla ya kuondoka. Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131, na mwombaji anapaswa kuwa ndani ya Marekani siku anayoiwasilisha, kisha kwa kawaida huitwa kuchukuliwa alama za vidole. Ningeshukuru kama ofisi yako ingetufundisha namna ya kumwomba mgonjwa wa kiharusi asubiri miadi hiyo. Isitoshe, kibali hicho humfaa mtu ajuaye kwamba atakaa nje kwa muda mrefu, na mtu mwenye tiketi ya kurudi baada ya miezi minne hana sababu ya kukiomba, kwa hiyo kukosekana kwake ni ushahidi kwamba alikusudia kurudi mapema. Sijui kwa nini kimegeuzwa kuwa ushahidi wa kinyume chake.

Juu ya nia, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilikwisha kueleza tangu mwaka 1975, katika uamuzi wa Kane, mambo ya kutazamwa: kusudi la safari, kama ilitarajiwa kuwa na mwisho wake, na mahali ilipo nyumba au kazi ya mhusika. Tulileta mkataba wa pango wenye majina yetu mawili, ritani za kodi za kila mwaka tulizojaza pamoja yeye akiwa mkaazi, taarifa za benki, na barua ya mwajiri aliyempa likizo bila malipo hadi mwisho wa 2022. Kuna jambo moja ambalo sikuliweka kwenye bahasha kwa sababu halina stakabadhi. Gari lake naliwasha kila Jumamosi asubuhi, dakika kumi, ili betri isife. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka mitatu, na mtu aliyehama hawashiwi gari.

Kinachoniuma zaidi ni kujua kwamba kama mume wangu angekuwa amesimama mbele ya jaji wa uhamiaji ndani ya Marekani, serikali ndiyo ingepaswa kuthibitisha, kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kwamba ameutelekeza ukaazi wake. Mbele ya dirisha lenu mzigo huo umehamia mabegani mwetu, nasi hatukuukataa, tuliubeba kurasa 64. Hata alipoambiwa na mfanyakazi mmoja kwamba akijaza fomu I-407 na kuurudisha ukaazi kwa hiari yake mambo mengine yatakwenda haraka, alikataa kwa adabu, kwa kuwa hiari haimo katika jambo hili hata chembe.

Najua pia kwamba uamuzi wenu juu ya DS-117 hauna rufaa rasmi. Najua kwamba Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Muñoz, iliamua kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya mwenzi wake asiye raia kuruhusiwa kuingia nchini. Nimesoma uamuzi huo wote wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za dharura. Basi sidai haki ambayo mahakama imesema sina. Lakini sikuona mahali popote mahakama ile iliposema kwamba afisa ameruhusiwa kuamua bila kusoma.

Karatasi ya kukataliwa inatushauri, kwa upole mkubwa, tuanze upya kwa fomu I-130, ile ya kumwombea ndugu au mwenzi ukaazi. Na mhudumu wa simu aliniambia nijihesabu mwenye bahati, kwa kuwa mke wa mkaazi wa kawaida angepangwa kwenye foleni ya mgao wa viza, ambazo kila mwaka hutolewa kwa idadi maalumu, lakini mimi ni raia na mume wangu hana mgao wa kusubiri. Bahati hiyo bei yake ni dola 675 za fomu kwa karatasi, dola 325 za ombi la viza, dola 120 za kukagua hati yangu ya udhamini, na dola 235 za ada ya mhamiaji mwishoni, kabla sijagusa gharama ya vipimo vya daktari. Nitatakiwa nionyeshe kwamba kipato changu kinafikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, mimi ambaye kipato cha pili cha nyumba hii kimezuiwa na ofisi hiyohiyo inayouliza. Tutatakiwa tuthibitishe tena kwamba ndoa yetu ni ya kweli, ndoa ambayo serikali ilikwisha kuichunguza na kuikubali. Na mume wangu, ambaye akiwa mwenzi wa raia angeweza kuwasilisha ombi la uraia siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitatu ya ukaazi, yaani Juni 2022, miezi mitatu tu baada ya baba yake kuanguka, ataanza kuhesabu kutoka sifuri.

Kwa nini bahasha haikufunguliwa, hilo siwezi kulijua kwa hakika. Huenda watumishi wenu ni wachache na majalada ni mengi. Huenda bahasha iliwekwa kwenye rafu ya vitu vinavyosubiri mtu ambaye amekwisha kuhamishwa. Huenda, na hili ndilo ninaloliamini saa za usiku, afisa aliona idadi ya miaka kwenye ukurasa wa mbele, akasema moyoni kwamba mtu wa miaka mitatu amekwisha kuhama, akatia alama ya vema. Kama nimekosea, niko tayari kuomba radhi hadharani kama ninavyolalamika hadharani.

Wakati huo mimi ninalipa pango lote, ninafanya zamu za usiku ili mchana nipatikane kwa shule, na kwa sababu ya tofauti ya saa ninawapigia simu nyakati ambazo ningepaswa kuwa nimelala. Mwezi uliopita binti yetu alileta fomu ya shule aliyojaza mwenyewe. Mahali palipoulizwa anaishi na nani, alikuwa ameweka alama kwenye "mzazi mmoja". Nilichukua kifutio nikaifuta, nikaandika "wazazi wawili, baba yuko safarini kwa muda". Sikufanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Niliogopa kwamba karatasi hiyo siku moja itafika mbele ya afisa mwingine wa uhamiaji na kuhesabiwa kuwa ushahidi dhidi yetu. Hapo ndipo mlipotufikisha, Mheshimiwa, kwamba mama anakagua penseli ya mwanawe kama anavyokagua hati ya mahakama.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai mengi: uamuzi ubatilishwe, ada irudishwe, afisa ahojiwe, na viza itolewe ndani ya mwezi. Nimeyafuta yote. Kama mtazisoma kurasa zile na kisha mkakataa kwa sababu zilizoandikwa, nitaumia, lakini nitajua kwamba tumekataliwa na mtu aliyetusikiliza. Ninachoomba ni kwamba zisomwe, zote 64, kama mlivyoahidi.

Mume wangu aliileta tena bahasha hiyo langoni kwenu Ijumaa, akiwa na gongo lake, pamoja na barua ya kuomba jalada litazamwe upya. Nyaraka ni zilezile na mpangilio ni uleule. Safari hii hatukuifunga.

Wako anayesubiri,

Mke wa mwombaji